Baraza la Bi Somoe: Je, Ningemfungulia Mlango Marquis?

SWALI: Shikamoo Bi Somoe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Chuno hapa Mtwara mjini, nina duka la kanga na vitenge. Jina langu lihifadhi, maana nusu ya wateja wangu hulisoma baraza lako wakiwa wamekaa kwenye benchi langu.

Nje mimi ni mkali. Mzigo ukifika kutoka Kariakoo nauhesabu mwenyewe doti kwa doti, na dereva akileta hadithi anazipata zake. Chumbani ni kinyume. Napenda mume wangu aniamuru nami nitii. Anifunge mikono kwa kanga, mara nyingine anichape, mara nyingine aninyamazie tu nisubiri ruhusa. Tuna mwaka wa tano kwenye ndoa na jambo hili tulikubaliana tukiwa tumekaa, tunakunywa chai. Tuna neno letu la kusimamisha. Neno lenyewe ni "ming'oko". Yeye ndiye aliyelichagua, akasema hakuna mwanamume wa Mtwara atakayesikia ming'oko katikati ya mambo akaendelea asicheke.

Sasa nimesoma habari za Marquis de Sade, yule kabaila wa Ufaransa ambaye neno sadizimu limetokana na jina lake. Nilimsimulia shoga yangu mmoja ninayemwamini, akanicheka. Akasema, "Wewe na mumeo mnacheza kidali po. Angekuja mwenyewe mwenye jina, ungeruka dirishani." Nikabisha, nikamwambia ningemkubali, tena kwa magoti. Tangu siku hiyo nawaza peke yangu dukani. Je, sisi tunaopenda kutawaliwa, tungejitoa kweli kwa bwana yule? Na kama ningeshindwa, maana yake ninachofanya na mume wangu ni uongo?

Mwenye duka, Chuno

JIBU: Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa barazani, jua limepoa na upepo wa ghuba ya Mikindani unaingia, mjukuu wangu akaniuliza bibi unacheka nini. Nilikuwa nacheka ming'oko. Kwa wasomaji wa mbali: ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa, inaliwa na chumvi na pilipili, na huku kwetu Kusini mtu akiikosa msimu mzima anajiona kama amehamishwa nchi. Mumeo ana akili.

Kabla sijakujibu, nikueleze jambo moja. Chini ya barua yako ulitia saini "mtumwa wa hiari". Nimelikata, nikaweka "Mwenye duka". Usinune. Mama wa bibi yangu alitembezwa kwa miguu, bado mtoto, kutoka upande wa Ziwa Nyasa mpaka Kilwa Kivinje. Sultani Barghash alikuwa ameshatia saini mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ile baharini, lakini misafara ya nchi kavu haikusoma mkataba. Aliuzwa. Bibi yangu alisema mama yake hakuwahi kuvumilia kitu chochote shingoni, hata ushanga, mpaka anakufa. Njiani kutoka Nyasa alisema "basi" mara ngapi? Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuhesabu. Wewe una neno moja la kuchekesha, na ukilitamka, mwanamume mzima anafungua kanga na kwenda kukuletea maji. Wazee walisema hiari yashinda utumwa, wakayaweka maneno hayo mawili mbalimbali kwa makusudi. Kwenye baraza langu hayatalala kitanda kimoja.

Haya, tumwendee Marquis wako. Nimefundisha historia sekondari miaka 29, na huku nyuma nimekuwa nikifunda mabibi harusi, kwa hiyo swali lako limenigusa pande zote mbili.

Shoga yako amesema ungeruka dirishani. Labda alisema kwa utani tu, lakini yupo aliyetoka kwa dirisha kweli. Jina lake Rose Keller. Siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1768, alikuwa anaomba sadaka Place des Victoires, Paris. Mjane, miaka 36. Akajiwa na bwana mdogo aliyevaa vizuri, akamwambia ana kazi ya usafi wa nyumba. Wakapanda gari la farasi mpaka Arcueil, nje ya mji. Kule hakupewa ufagio. Alifungiwa chumbani, akavuliwa nguo, akachapwa mpaka akaumizwa, na alipoomba asiuawe kabla hajaungama dhambi zake, bwana hakutikisika. Baadaye alipoachwa peke yake alifunga mashuka yakawa kamba, akateremka dirishani, akaruka ukuta, akakimbilia kwa wanawake wa kijiji. Familia ya Sade ilimlipa livre 2,400, fedha ya Ufaransa ya enzi zile, ili afute mashtaka. Kwa ombaomba ilikuwa mali ya ajabu, nami simlaumu kwa kuipokea.

Angalia lile neno moja: usafi. Rose alikubali kufagia. Siku hiyo Paris ilikuwa na wanawake wengi ambao kazi yao ilikuwa kupokea wanaume wenye matakwa ya ajabu kwa malipo, na Sade aliwajua, polisi walikuwa na habari zake. Hakuwafuata hao. Alimfuata aliyedhani anakwenda kufagia.

Miaka minne baadaye, Juni 1772, akiwa Marseille, safari hii aliwafuata wanawake wa biashara hiyo. Wakapatana bei. Kisha akawapa pipi za anisi, ndani yake mmetiwa unga wa mbawakawa fulani wa Ulaya ambao watu wa zamani walidhani unaamsha hamu, kumbe ni sumu ya tumbo na figo. Wakatapika, wakaugua. Yeye na mtumishi wake Latour wakahukumiwa kifo wakiwa wameshakimbia, na Septemba ya mwaka ule sanamu zao zikachomwa moto huko Aix badala ya miili yao. Unaona jambo lile lile limerudi? Hata alipopata wanawake waliokwisha kukubali, ilimbidi atafute kitu ambacho hawakukikubali. Kukubali kwao kulikuwa kunamharibia.

Basi hapa ndipo nataka ukae kidogo, weka mita yako ya kitambaa chini. Umeniuliza kama wewe ungejitoa kwake. Mimi nakuambia angekukataa.

Sisemi kwa kukisia tabia ya marehemu. Ameandika mwenyewe. Katika riwaya yake ya 1791, ile ya msichana mwema anayepatwa na kila balaa, wamo watawa wakatili waliojificha na wanawake waliowateka. Msomaji anaelezwa kwamba watawa hao wanataka wawe na uhakika kuwa wanachofanya kinagharimu machozi, na kwamba msichana ambaye angekuja kwao kwa hiari yake wangemrudisha alikotoka. Umesikia hiyo? Wangemrudisha. Wewe na magoti yako mlangoni, wangekuambia nenda zako.

Na ile kazi yake nyingine, aliyoiandika gerezani Bastille mwaka 1785 kwa siku 37, kwa siri, kwenye karatasi ndogo alizoziunganisha mpaka zikawa ukanda wa mita 12. (Wewe ni mtu wa kanga: panga nane kwa urefu, utapata picha.) Serikali ya Ufaransa iliununua ukanda huo mwaka 2021 kwa euro milioni 4.55, mimi ningejengea shule. Sitakusimulia yaliyomo, ndani yake mna mambo ambayo hata mtu mzima wa umri wangu huweka kitabu pembeni akatoka nje. Nitakuambia mwanzo wake tu. Mabwana wanne wanakwenda kujifungia kwenye ngome juu ya mlima pamoja na watu waliowakusanya. Kabla mambo hayajaanza, daraja linavunjwa, halafu milango inajengewa ukuta kwa ndani. Mwandishi aliyekuwa na uhuru wa kuandika chochote alianza na kuhakikisha hakuna mlango. Ndoto yake yote ilisimama juu ya hilo. Ungesema ming'oko kwenye ngome ile, wangekuuliza ni chakula gani, na kesho wangekulisha hicho hicho kwa nguvu.

Najua vijana watasema Bi Somoe amemkaba mtu aliyekufa 1814. Haki yake nimpe. Mtu huyu alipotoka gerezani 1790, kwenye Mapinduzi, akapewa uhakimu na hata uenyekiti wa mtaa wake wa Paris, alikuwa na nafasi ya kuwapeleka wakwe zake kwenye mashine ya kukata vichwa. Mama mkwe wake ndiye aliyemwombea amri ya mfalme yenye muhuri iliyomfunga bila hukumu tangu 1777. Hakuwapeleka. Adhabu ya kifo aliichukia, aliipinga kwa maandishi, na mwaka 1793 akafungwa tena akishukiwa kuwa mpole mno. Nilipokuwa nafundisha Mapinduzi ya Ufaransa wanafunzi walilipenda sana jambo hili, kwamba mkatili wa karatasi alikuwa mwoga wa damu ya serikali. Nami nalipenda. Lakini Rose Keller hakuwahi kupata kibarua kile cha usafi.

Na wale wanaosema "Marquis ni wa kufikirika, ni joho na mishumaa na ngome yake ya Lacoste" hao nawaelewa pia. Jina linavutia. Wapo ambao wangepanda basi la usiku kumfuata. Mtu anaweza kumpenda bwana wa kwenye hadithi kwa sababu hadithi inafungwa msomaji akitaka. Huo nao ni mlango. Siwacheki. Ila mtu wa kwenye hadithi na mwili wa mtu, chumbani, saa nane usiku, ni vitu viwili.

Sasa swali lako la pili, ambalo naona ndilo linalokukosesha usingizi: kama usingemvumilia, je, wewe ni muongo?

Jambo lako wewe lina jina lake lingine, na mwenye jina hilo ni mtu mwingine kabisa. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Richard von Krafft-Ebing, ndiye aliyeyaandika maneno haya mawili, sadizimu na masokizimu, kwenye vitabu vya tiba mwishoni mwa karne ya 19. Raha ya kutesa akaipa jina la Sade. Raha ya kuteswa akaipa jina la Leopold von Sacher-Masoch, mwandishi wa Austria aliyezaliwa 1836, karibu karne nzima baada ya Sade. Sacher-Masoch alikuwa bado hai, na hakufurahia hata kidogo. Watu wakayaunganisha majina hayo kama mtu na mkewe, ilhali wawili hao hawakuwahi kukutana, na wangekutana wasingepatana.

Mwaka 1869 Sacher-Masoch alitiliana saini mkataba na mwanamke aitwaye Fanny Pistor: kwa miezi 6 awe mtumishi wake wa kumtii kwa kila kitu, na bibi naye aahidi kuvaa manyoya kila mara inapowezekana, hasa akiwa na hamu ya ukatili. Unyonge mkubwa, sivyo? Endelea kusoma masharti. Huyo "mtumishi" amejitengea saa 6 kila siku za kufanya kazi yake ya kuandika, na bibi haruhusiwi kuzitazama barua wala maandishi yake. Mwanamume amepiga magoti, na kalamu ya mkataba iko mkononi mwake. Saa 6 kwa siku! Kuna wake wa nyumbani Mtwara nzima hii wasio na saa moja.

Huyo ndiye ndugu yako. Wewe na mumeo mlikaa na chai mkapatana. Mmeweka nini kinafanyika, nini hakifanyiki, na neno la kusimamisha. Watu wa Ulaya na Marekani wenye mapenzi ya namna hii wamelifanya jambo hilo kuwa kanuni. Wanapatana kabla, wana neno la kusimamisha, wengine hutumia rangi za taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu acha. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, halihesabu tena kuwa ni ugonjwa jambo la watu wazima waliokubaliana. Kwa hiyo akitokea wa kukuambia uende ukaombewe, mwambie asante.

Na usidhani ishara ya chumbani ni kitu cha wageni. Bibi yangu alikuwa na shanga nyekundu. Akizivaa kiunoni, babu alijua usiku ule ni wa kulala, na hakuuliza. Babu alikuwa mtu wa hasira mnadani na baharini, watu walimwogopa Mikindani yote, lakini mbele ya uzi mmoja wa shanga alikuwa anageukia ukutani na kukoroma. Hilo ndilo nililokuwa nawafundisha mabibi harusi kwa nyimbo, kabla hamjaletewa maneno ya intaneti.

Ingawa sikulifundisha vizuri siku zote. Nikuambie ukweli, maana wewe umeniambia wako. Miaka ya 1990, nikiwa bado mgeni kwenye ukungwi, nilimfunda binti mmoja mzima, mwerevu, nikamkazia neno moja kama nilivyokaziwa mimi: vumilia. Mwanamume akiwaka, vumilia. Akitaka hivi, vumilia. Nilimpigia na kigoma kabisa. Miezi minne baadaye alikuja kwangu usiku, mkono ameufunga kwa upande wa kanga, umevunjika. Hakulia. Alisema, "Somo, nimevumilia kama ulivyonifunda. Sasa nifunde kinachofuata." Sikuwa nacho. Nilimpeleka hospitali, nikakaa naye mpaka asubuhi, na njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza nilimpa silaha au nilimvua. Tangu hapo mwali wangu hafundwi kuvumilia kabla hajafundwa kusema hapana, na anaisema kwa sauti mbele yangu, mara nyingi, mpaka inatoka bila kuomba radhi. Wengine hucheka. Wengine haitoki kabisa siku ya kwanza, tunarudia kesho.

Kwa hiyo nitakupa kipimo changu, na hakihusu kiboko wala kanga. Siku uliyosema ming'oko kweli, si kwa utani, asubuhi yake chai ilikuwaje? Alikununia? Alikuambia umemharibia? Alisubiri wiki moja halafu akakukumbusha? Neno la kusimamisha lina thamani ya asubuhi inayofuata. Kama alikuletea chai, akakuuliza mkono unaumaje, mkacheka, basi huo mchezo wenu uko salama kuliko ndoa nyingi ambazo hazijawahi kuona kanga ikifungwa mkononi. Hukuniandikia habari hiyo. Kaifikirie mwenyewe.

Mambo ya mikono, haraka haraka: kanga ikilowa jasho fundo hukaza, kwa hiyo fundo liwe la kuvuta ncha moja likafunguka, na mkasi uwe karibu. Vidole vikifa ganzi, funguo moja tu: fungua. Shingoni msipaguse, hata kwa mchezo, hata akiwa mzoefu. Mmoja wenu akiwa amekunywa pombe ya uraka, mchezo hakuna.

Nimalizie na Marquis. Umeuliza kama mwanamke anayejitoa angeweza kujitoa kwake. Mwanangu, alikuwepo mmoja. Renée-Pélagie, mkewe, aliyeolewa naye tarehe 17 Mei 1763. Huyo hakuchapwa Arcueil wala hakulishwa pipi. Alitoa kila kitu kwa mapenzi yake. Kashfa zake alizifunika, mahakama alizizungukia, na kwa ajili yake aligombana na mama yake mzazi. Mumewe alipofungwa kwenye gereza la Vincennes alimpelekea mishumaa, vitabu, nguo za ndani, keki za chokoleti ambazo bwana alizipigia kelele kama hazikuwa nyeusi vya kutosha ndani. Barua alizorudishiwa zilijaa matusi na tuhuma za uzinzi, yeye aliyekuwa akiishi kama mtawa. Miaka 13 ya gereza hivyo. Kama kuna mtu aliyewahi kumtii mtu yule kwa hiari, ni yeye.

Aprili 1790 Marquis akaachiwa. Alikuwa amenenepa gerezani mpaka anatembea kwa shida, hana fedha, hana joho. Akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya watawa alikokuwa akiishi mkewe. Renée-Pélagie hakukubali hata kumwona. Mlango haukufunguliwa, na mwaka ule ule wakatengana kisheria.

Mwaka ule ule pia akapata mwanamke mwingine, Constance Quesnet, mwigizaji aliyeachwa na mumewe akiwa na mtoto wa kiume, na huyo alidumu naye mpaka mwisho, akamfuata hata kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton alikofia. Kwake yeye alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye macho mabovu, anayesahihisha michezo ya kuigiza. Aliyekaa naye, alikaa na huyo.

Mwambie shoga yako ameshinda nusu.

SWALI: Bi Somoe, mimi nipo Nachingwea, mkulima wa korosho. Mke wangu akikosea namchapa kidogo, si sana, na huwa hasemi kitu. Siku hizi nasikia kuna wanawake wanaopenda kuchapwa. Nitajuaje kama wa kwangu ni mmojawapo?

JIBU: Kaka yangu, barua yako imeingia wiki moja na ile ya hapo juu, nami nimeziweka ukurasa mmoja makusudi. Isome ile kwanza, kisha urudi hapa.

Yule wa Chuno aliomba. Wako amekosea. Hapo pekee jibu limekwisha, lakini naona unahitaji na la serikali: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mume au mke wake kwa kumpiga, hata kama mila zenu zinasema vingine. Haikuandika "kidogo, si sana". Ina umri wa zaidi ya miaka 50 na bado kuna watu wanaipita njiani kama mgeni.

Kuhusu kunyamaza kwake. Unapopeleka korosho ghalani, mnunuzi akinyamaza, unaandika kwamba amekubali bei? Unasubiri aseme. Mkeo hata hujamuuliza, na fimbo ukiwa umeishika si wakati wa kumuuliza. Kwanza acha kumpiga. Usiache wiki moja ili upate jibu unalolitaka, acha kabisa. Halafu siku moja, ukiwa umekaa chini na yeye amesimama, mlango uko wazi, muulize huwa anafikiria nini unapoinua mkono. Usimsaidie kujibu. Akitoka nje bila kusema kitu, mwache atoke.

Na wewe dada wa Nachingwea, kama ni wewe unayemsomea mumeo baraza hili jioni: Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na huhitaji ruhusa yake kwenda. Kama huwezi kufika, niandikie hapa, bahasha iandikwe "mbegu za ufuta". Nitajua.